Kantangaze Alifika Kabla ya Kitabu: Somo la Kutumia Maktaba za Kidijitali Shambani

 

Somo la leo halina mbegu mpya wala mbolea mpya. Ni somo la kusoma. Najua wengine mkiliona neno "maktaba" mnakumbuka chumba chenye vumbi na kibao cha kuomba ukimya, mnataka kuondoka. Subirini kidogo. Naanza na shamba la nyanya, na kosa ambalo ni langu mwenyewe.

Robo tatu ya eka

Nilipomaliza stashahada ya kilimo nilipangiwa kata moja mkoani Iringa, kwenye ukanda wa nyanya. Mnaopita barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Mbeya mnaijua Ilula na matenga yake kando ya lami. Sisi tulikuwa ndani zaidi, unaacha lami unapanda pikipiki. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, madaftari ya chuo, na kujiamini kwingi.

Msimu mmoja mama mmoja akanipigia simu. Alikuwa amechukua mkopo VICOBA, amelima robo tatu ya eka, miche imeshika vizuri na maua yameanza. "Bwana shamba, njoo uone majani yangu, yamechorwa." Nikaenda. Kweli, majani yalikuwa na mabaka meupe kama yameungua, na ukiinua jani juani unamwona kiwavi mdogo ndani yake. Nikamwambia kwa sauti ya mtu anayejua, "Mama, hawa ni viwavi tu." Nikamwandikia dawa niliyoizoea tangu chuoni, ile ya jamii ya pairethroidi. Kila duka la pembejeo lilikuwa nayo na bei yake nafuu.

Akapiga. Baada ya siku tano akapiga tena. Akanipigia: "Mwanangu, wanazidi." Nikamwambia aongeze kipimo kidogo, jambo ambalo leo nikimsikia afisa ugani mwenzangu analisema namkatiza. Dukani nao wakamshauri achanganye dawa mbili kwenye bomba moja. Akachanganya. Alipofika mara ya sita, matunda yalikuwa na vitundu kama vya pini karibu na kikonyo. Dalali alikuja, akachuma tunda moja, akaligeuza, akarudi kwenye gari. Hata bei hakutaja.

Siku hiyo nilikuwepo. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Basi," akaanza kung'oa. Mkopo ulibaki pale pale.

Jina lilikuwa limeshaandikwa

Miezi kadhaa baadaye nilienda Morogoro kwa mafunzo mafupi. Nilikuwa bado na picha za yale majani kwenye simu, nikamwonyesha mwenzangu aliyetoka kaskazini. Hakufikiri hata dakika moja. "Huyu ni kantangaze. Jina lake la kisayansi ni Tuta absoluta."

Jioni nikaenda maktaba ya SUA, nikamwomba mkutubi anisaidie kutafuta. Akaandika maneno mawili tu, Tuta absoluta. Ukurasa ukajaa, akashuka chini, ukajaa tena.

Nilikaa pale mpaka wanafunga. Nilisoma kwamba mdudu huyu ni nondo mdogo ambaye asili yake ni Amerika Kusini. Mwishoni mwa 2006 alionekana Uhispania. Kufikia 2008 alikuwa amevuka bahari ya Mediterania na kuingia Afrika Kaskazini. Akazidi kushuka, na 2014 akaripotiwa kwetu Tanzania. Nilisoma kwamba jike moja linaweza kutaga hadi mayai 260. Kwenye joto la nyuzi 27 anatoka yai hadi nondo kwa takriban siku 24, na kwenye nyuzi 20 takriban siku 40. Kiwavi anakaa katikati ya ngozi ya juu na ya chini ya jani, kwa hiyo dawa inayoua kwa kugusa haimfikii vizuri. Tena sehemu nyingi alikopita ameshakuwa sugu kwa pairethroidi.

Yaani dawa niliyomwandikia mama.

Kati ya yale niliyofungua kulikuwa na kipeperushi cha kurasa mbili, lugha nyepesi, picha za majani zinafanana na zangu. Tarehe yake ilikuwa ya miaka miwili kabla ya yule mama kupanda.

Nilifikiria kunyamaza. Nani angejua? Lakini niliporudi nilienda kwake nikamweleza yote. Akasikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo ilikuwepo?"

"Ilikuwepo, mama."

"Ilikuwa ya kununua?"

"Hapana. Ni ya bure."

Akakaa kimya. Halafu akaniuliza swali ambalo ndilo lililonifanya niandike somo hili: "Na wale wa vitunguu, nao wameandikiwa?"

Hesabu ni rahisi. Nondo yule alitumia karibu miaka 8 kutoka Uhispania hadi kwetu. Karatasi inayomweleza inatumia sekunde. Lakini kwenye kata yangu nondo ndiye aliyefika kwanza. Leo tuangalie kwa nini, na wewe mkulima kijana ufanye nini ili msimu ujao kitabu kitangulie.

Maktaba ya kidijitali ni nini hasa?

Ni mkusanyiko wa vitabu, vipeperushi, makala za utafiti, picha na video uliopangwa ili mtu aweze kutafuta na kupata kwa simu au kompyuta. Hapo neno kubwa ni *uliopangwa*. Kila kitu kina jina la aliyeandika, taasisi iliyotoa, mwaka na mada. Kikikosewa, kuna mtu wa kuulizwa.

Kundi la WhatsApp ni soko. Sokoni unapata vitu vizuri na vibovu, na muuzaji ukimrudia kesho huenda humkuti. Ule ujumbe wa "changanya majivu, sabuni na dawa ya mende upulizie saa sita mchana" una mwandishi gani? Ulijaribiwa wapi? Kwenye zao gani? Mimi mwenyewe nimo kwenye makundi zaidi ya kumi na yananisaidia, hasa kwa bei na masoko. Ila ushauri wa kuingiza sumu kwenye chakula cha watu siutoi sokoni.

Mlango ulifunguliwa zamani

Wengi wanadhani maktaba hizi ni mambo ya juzi. Sivyo. Mwaka 1999 maktaba ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, ilianzisha mkusanyiko ulioitwa TEEAL kwa ajili ya nchi zenye kipato kidogo. Waliona vyuo vyetu havina uwezo wa kulipia majarida ya utafiti na intaneti yetu ni dhaifu, wakayaweka majarida kwenye CD, chuo kinapata rundo zima. Baadaye wakahamia kwenye diski moja inayochomekwa kwenye kompyuta za chuo. Hata intaneti ilipokatika, ulisoma.

Mwaka 2003 FAO wakaanzisha AGORA, ambayo leo ni sehemu ya mpango wa Research4Life. Wachapishaji wakubwa wa majarida walikubali taasisi za nchi maskini zaidi zisome bure, na Tanzania imo kwenye kundi hilo la bure. Wanaoruhusiwa kujiandikisha ni pamoja na vyuo, vituo vya utafiti, ofisi za serikali, asasi zisizo za kiserikali na vituo vya ugani.

Soma tena hapo mwisho. *Vituo vya ugani.* Mimi nilikuwa kwenye kata nikiandika dawa kwa kukumbuka daftari la chuo, kumbe watu wa kazi yangu walikuwa wamewekewa mlango tangu nikiwa shuleni.

Hapa nyumbani napo tunayo Maktaba ya Taifa ya Kilimo ya Sokoine, pale SUA, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1991. Pamoja na hifadhi ya tafiti za chuo, wana mkusanyiko wa kidijitali unaoitwa Mkulima, ambao lengo lake ni kuweka maarifa ya kilimo na ufugaji kwa Kiswahili kwa ajili ya wakulima.

Kwa nini basi hazitumiki?

Nimezunguka na wakulima miaka yote hii, na sababu ninazozisikia zinajirudia.

*Lugha.* Utafiti mwingi umeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu. Mtu aliyeishia kidato cha nne anafungua ukurasa wa kwanza anakutana na jedwali la takwimu, anafunga. Si kosa lake. Karatasi ile iliandikwa ili wasomi wasomane wao kwa wao.

*Funguo ziko kwa mtu mmoja.* AGORA haimsajili mkulima mmoja mmoja, inasajili taasisi, na taasisi inapewa jina la kuingilia na neno la siri. Nimeona ofisi ambako neno la siri analo mtu mmoja tu. Akihama, milango inafungwa na wengine hata hawajui kulikuwa na mlango.

*Bando na chaji.* Video ya dakika kumi inakula MB ambazo kijana alizipanga za wiki. Simu yenyewe inachajiwa dukani kwa kulipia.

*Simu ni ya nani?* Kwenye nyumba nyingi simu janja anayo baba au kijana wa kiume. Anayepalilia na kupiga dawa huenda ni mama mwenye simu ya vitufe. Maktaba ikiishia kwenye simu janja, imemruka aliyeko shambani.

*Imani.* Hili ndilo kubwa. Muuza dawa unamjua, anakukopesha, mnasali pamoja. Karatasi ya kwenye simu haikukopeshi. Mtu humsikiliza anayemjua, ndivyo tulivyo. Kwa hiyo kusema tu "kuna tovuti, ingieni" hakumbadilishi mtu.

Jambo ambalo India walilionyesha

India kulianzishwa mradi unaoitwa Digital Green. Walichukua video fupi za wakulima wa jirani wakifanya kazi kwenye mashamba yao wenyewe, wakaziweka kwenye hifadhi. Hawakuwaambia watu wazitafute. Mtu wa kijijini alizionyesha kwa vikundi vidogo, anasimamisha video katikati, anauliza maswali, na baadaye anafuatilia nani amejaribu. Tathmini yao ya jimbo la Karnataka, iliyochapishwa 2009, ilikuta kwamba kwa kila dola iliyotumika njia hiyo ilifanya wakulima wafuate mbinu takriban mara 10 zaidi ya ugani wa kawaida.

Video peke yake haikutosha. Aliyekaa katikati, anayefahamika na anayeulizwa maswali, ndiye aliyefanya kazi iende. Na ukiniuliza mtu huyo kwenye kijiji chako ni nani, nitakwambia ni wewe unayesoma hapa. Una simu janja, unajua kusoma, unalima kwa biashara na una hasara ya kuogopa. Afisa ugani mmoja tunagawanywa vijiji vingi, siwezi kufika kwako kila jani linapochorwa.

Rafu tano za kuanzia

Usikimbilie kila tovuti. Anza na hizi, kila moja na kazi yake.

1. Mkusanyiko wa Mkulima wa SUA. Ni wa Kiswahili na wa hapa kwetu. Anzia hapa ukitaka kuelewa zao au ufugaji fulani toka mwanzo.

2. Jarida la Mkulima Mbunifu. Hili ni la Kiswahili pia na limejikita kwenye kilimo hai. Matoleo yake ya nyuma yanapatikana kwenye tovuti yao, unaweza kupakua moja moja ukahifadhi.

3. Benki ya maarifa ya PlantwisePlus ya CABI. Hapa ndipo pa wadudu na magonjwa. Kuna karatasi fupi za wakulima, nyingine kwa Kiswahili, zinazoanza na dalili, kisha kinga, kisha tiba.

4. Video za Access Agriculture. Wakulima wanawaonyesha wakulima, na ziko kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Unaweza kupakua. Zinamfaa sana asiyesoma.

5. Machapisho ya TARI na orodha ya viuatilifu ya TPHPA. TARI ni watafiti wetu: korosho utawakuta Naliendele, mbogamboga na matunda Tengeru, na kadhalika. TPHPA ndiyo mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu. Dawa yoyote uliyoisoma popote, hakikisha kwanza imesajiliwa Tanzania kwa zao lako.

AGORA nimeiacha nje ya rafu zako kwa makusudi. Hiyo mwombe afisa ugani wako au mwalimu wa chuo kilicho karibu aingie kwa niaba yako. Akikujibu "sina neno la siri," mwambie ofisi yake inaweza kuomba. Mkulima akiuliza mara tatu, afisa anaona aibu. Nasema kwa kujijua.

Namna ya kutafuta mpaka upate

*Hatua ya kwanza: andika swali kabla ya kuwasha data.* Usiandike "nyanya." Andika: "Majani ya nyanya yana mabaka meupe yenye kiwavi ndani, wiki ya tatu baada ya kuhamisha miche." Ukijua unachotafuta hutapotea kwenye matangazo.

*Hatua ya pili: pata jina la kisayansi.* Hii ndiyo siri ya somo zima. Ukiandika "kantangaze" utapata vichache. Ukiandika Tuta absoluta unafunguliwa maktaba za Brazil, Uhispania, Kenya na Tanzania kwa pamoja, kwa sababu jina hilo linajulikana dunia nzima. Vivyo hivyo kwa viwavijeshi vamizi wa mahindi, jina lao ni Spodoptera frugiperda. Jina hulijui? Piga picha tatu: mmea mzima, jani kwa karibu na mdudu mwenyewe. Mtumie afisa ugani na umwambie, "Afisa, naomba jina la kisayansi." Usiombe dawa kwanza. Omba jina.

*Hatua ya tatu: pima karatasi kabla ya kuiamini.* Jiulize maswali manne. Nani ametoa? Mwaka gani? Ni kwa mazingira gani, shamba la wazi kama langu au banda la plastiki la Ulaya? Na je, anayenishauri ndiye anayeniuzia? Karatasi ya Uhispania inaweza kukwambia ufunge wavu mlango wa banda. Wewe huna banda. Chukua elimu ya mdudu, lakini mbinu itafute ya kwako.

*Hatua ya nne: pakua mara moja, soma mara nyingi.* Ukienda mjini kwenye wi-fi, au ukiwa na bando la usiku, pakua yote ya msimu. Kipeperushi cha kurasa mbili huwa ni kidogo kuliko video yoyote uliyotumiwa leo. Kisha kipe jina linaloeleweka. Faili linaloitwa "download(7)" hutaliona tena. Andika "Nyanya-kantangaze-Plantwise," pamoja na mwaka. Tengeneza folda kwa kila zao, na nakala uweke kwenye memori kadi. Ukitaka kumpa mwenzako, rusheni kwa blutuu, hakuna anayekatwa bando.

*Hatua ya tano: itoe kwenye simu.* Ukurasa mmoja muhimu kautolee fotokopi, ubandike pale kikundi kinapokutania au kwenye stoo ya pembejeo. Hapo mama mwenye simu ya vitufe naye ameingia maktaba.

*Hatua ya sita: someni pamoja, kisha ingieni shambani siku hiyo hiyo.* Mmoja anasoma aya, mnasimama, mnaulizana "hapa kwetu inawezekana?" Mkimaliza, mnaenda kwenye shamba lililo karibu kutafuta kile mlichokisoma. Kama karatasi inasema angalia upande wa chini wa jani, geuzeni majani. Kusoma bila kugeuza jani ni kupoteza jioni.

*Hatua ya saba: andika kilichotokea.* Tarehe, dawa, kipimo, hali ya hewa, matokeo. Hilo daftari ni kitabu ambacho maktaba haina, kwa sababu hakuna aliyeliandikia shamba lako.

Tujaribu kwa huyo huyo kantangaze

Ili somo lisibaki hewani, haya ndiyo niliyoyakuta kwenye karatasi za bure na ambayo kikundi chetu tumeyafanya.

Mitego yenye harufu ya jike inawekwa mapema, tangu miche inapohamishwa. Beseni la maji yenye sabuni, juu yake kidonge cha harufu, linatosha. Mtego unakamata madume. Hauwezi kumaliza wadudu peke yake, lakini unakuambia wameingia kabla hujaona jani limechorwa. Kidonge kibadilishwe kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti yake.

Majani na matunda yaliyoshambuliwa yakusanywe kwenye mfuko wa plastiki, yafungwe, yaachwe juani. Zamani tulikuwa tunatupa pembeni ya shamba. Kumbe tulikuwa tunafuga.

Baada ya nyanya usirudishe nyanya, viazi mviringo, biringanya wala nyanya chungu, hao wote ni ndugu na mdudu anahama kwa jirani yake. Weka mahindi, maharage au vitunguu. Mnavu unaojiotea nao uung'oe, ni ndugu pia.

Kwenye dawa, soma namba ya kundi kwenye lebo. Pairethroidi ni kundi 3A, spinosadi ni 5, emamektini ni 6, klorantraniliproli ni 28. Majina ya biashara yanaweza kuwa kumi na kundi likawa moja, kwa hiyo kubadilisha kopo si kubadilisha dawa. Usirudie kundi moja kwa kizazi kinachofuata cha mdudu. Kumbuka zile siku 24 hadi 40. Fuata kipimo cha lebo, usichanganye kwa ushauri wa barazani, vaa kinga, na heshimu siku za kusubiri kabla ya kuvuna, maana nyanya hiyo utaila wewe na mwanao pia.

Maktaba haifanyi kila kitu

Nisiwadanganye. Karatasi haikulipii mkopo. Bei ikianguka Ilula au Kariakoo, mwenye kitabu na asiye na kitabu wote wanalia. Vidonge vya harufu si kila duka wanavyo, kuna msimu tuliagiza tukasubiri. Na vipo vitu ambavyo bado havijaandikwa kwa Kiswahili, itabidi mtu akae na kamusi. Hata hivyo kuna tofauti kati ya hasara iliyoletwa na mvua na hasara iliyoletwa na kutojua jambo ambalo mtu alishaliandika na kuliweka bure. Ile ya kwanza unaivumilia. Ya pili ilikuwa inaepukika.

Yule mama alimaliza ule mkopo kwa kuuza mahindi aliyoyaweka ya chakula, na mwaka ule kwake ulikuwa mgumu. Hilo sijalisahau na sitaki kulisahau. Msimu uliofuata alilima vitunguu. Kabla hajaweka kitalu alikuja na mtoto wa dada yake mwenye simu, akasema, "Tutafutie jina la huyu anayekunja majani ya vitunguu, jina lile la kizungu." Tukalitafuta: vithiripi, Thrips tabaci. Tukapakua karatasi mbili, kijana akamsomea palepale kwenye benchi la ofisi. Aliponikuta nimekosea kusoma kipimo, akanirekebisha.

Leo akija ofisini haniulizi "nipige dawa gani?" Anauliza, "Imeandikwa wapi?" Mara ya kwanza swali hilo liliniuma kidogo. Sasa nawaomba nanyi mniulize hivyo hivyo, mimi na afisa yeyote atakayekuja shambani kwako.

Kazi ya nyumbani

Kabla ya wiki kuisha, fanya mambo matatu. Chagua tatizo moja lililokutia hasara msimu uliopita. Tafuta jina lake la kisayansi. Pakua karatasi moja ya kurasa chache, ipe jina zuri, na uwasomee wenzako wawili, mmoja wao awe hana simu janja. Ukikwama kwenye jina, nitumie zile picha tatu. Nitakutafutia jina, karatasi utaitafuta mwenyewe, maana ndipo pa kujifunzia.

Somo lijalo tutachambua namna ya kusoma lebo ya kiuatilifu mstari kwa mstari, kwa hiyo weka kopo lako tupu mahali salama mbali na watoto, tutalihitaji.

Kazi njema shambani.